Kabla Hajajua Kusema "Nipe": Kitabu cha Picha kwa Mtoto Anayeng'ata

Alama ya meno ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni nusu duara mbili ndogo zinazotazamana. Huanza nyekundu, kisha huvilia damu. Mama mmoja wa Makorora aliingia kliniki kwetu na watoto wawili: wa kwake, na wa wifi yake mwenye alama hizo begani. Hata kabla hajaketi akasema, "Niliambiwa nimng'ate na mimi, ausikie uchungu wake. Nikamng'ata. Kesho yake kamng'ata bibi yake."

Nilimshukuru kwa kusema kweli. Ushauri ule unatembea Tanga nzima, kuanzia barabara za Ngamiani hadi Raskazone, na wengi wanaoutoa ni mashangazi na mabibi wanaompenda mtoto. Lakini tutazame alichokiona yule mtoto. Mtu anayemwamini kuliko wote amekasirika, naye akiwa amekasirika ameng'ata. Hilo ndilo somo aliloondoka nalo.

Mtoto wa umri huu hang'ati kwa ubaya wa moyo. Meno ya kwanza hutokeza aghalabu karibu na mwezi wa sita, na hadi kufikia miaka miwili na nusu au mitatu huwa yametimia 20. Katika muda huohuo fizi zinamwasha, mdomo ndio anaoutumia kuvijua vitu, na anataka mambo mengi kuliko maneno aliyonayo. Mtoto wa miaka miwili huwa na maneno kama 50, na ndiyo kwanza anaanza kuunganisha mawili: "maji taka", "baba kuja". Mwenzake akimpokonya kifuniko cha ndoo anachochezea, neno la kumzuia halimjii upesi. Meno yapo tayari. Ongeza njaa, usingizi, au nyumba iliyojaa wageni wa harusi, na atang'ata hata mtoto mpole. Kwa kawaida tabia hii huonekana kati ya mwaka mmoja na mitatu, na hupungua kadiri maneno yanavyoongezeka.

Na kwa kuwa tumetaja fizi: asije mtu akakwambia mtoto ana "meno ya plastiki" yanayotakiwa kuchimbuliwa. Hakuna meno ya aina hiyo. Kinachochimbuliwa ni vijino vyake halisi ambavyo havijaota, na mtoto anaweza kuvuja damu nyingi au kupata maambukizi mabaya. Kama anaharisha au ana homa, mpeleke kituo cha afya.

Basi kitabu cha picha kinaingia wapi? Kinampa mtoto maneno mapema, saa ambayo ametulia, ili siku ya ugomvi ayakute mdomoni. Kwa sababu hiyo nina neno juu ya vitabu vyenyewe. Kitabu chenye ukurasa baada ya ukurasa wa watoto wanaong'atana, halafu mwishoni kikaandikwa "using'ate", hakimfai mtoto wa miezi 20. Yeye anaisoma picha. "Usi" haichoreki. Chagua kitabu kinachoonyesha mdomo na mikono ikifanya jambo unalotaka alifanye.

Ukikikosa dukani, au bei ikikushinda, kitengeneze. Yule mama tulikitengeneza naye palepale mezani. Tulichukua boksi la biskuti, tukakata kurasa sita za ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, tukatoboa matundu mawili pembeni na kupitisha ukanda wa leso kuukuu. Pini za stepla hatukutumia, maana kitabu hiki kitaingia mdomoni. Kila ukurasa tuliufunika kwa selotepu pana ili udenda usiulainishe. Ukurasa wa kwanza: mdomo unakula embe. Wa pili: mdomo unambusu bibi. Wa tatu: mdomo unaimba. Wa nne: watoto wawili na mpira mmoja, mmoja amenyoosha kiganja, "Nipe." Wa tano: mtoto amekunja uso, kiganja kiko wazi mbele yake, "Sitaki!" Wa sita: kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, "Meno yang'ate hiki." Mama alisema hajui kuchora. Duara, nukta mbili na mstari vilitosha, na mtoto akaugusa ule mstari akasema, "Domo."

Ukiwa na picha ya mwanao mwenyewe kwenye simu, ichapishe steshenari uibandike. Watoto wadogo hupenda kujiona.

Msomee baada ya kuoga jioni, amekaa mapajani, dakika tatu au tano. Akishuka kabla ya ukurasa wa sita, mwache ashuke. Usimsomee kama mtihani. Muulize, "Mdomo uko wapi?" na umngoje, kungoja huko ndiko wengi wetu kunakotushinda. Fanyeni vitendo pamoja: busu, imba, nyoosha kiganja useme "nipe". Kesho rudia kitabu kilekile, na kesho kutwa. Sisi watu wazima huchoka na marudio, lakini kwa mtoto ndiyo njia neno linavyokaa. Na akiking'ata kitabu, usimpokonye kwa hasira. Mwonyeshe ukurasa wa kitambaa, umpe kitambaa chenyewe. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka malezi yenye mwitikio, yaani kumsikiliza mtoto na kumjibu, na ujifunzaji wa awali miongoni mwa nguzo zake tano, na dakika tano hizo za mapajani zina yote mawili.

Kosa ninalokutana nalo sana ni kuchukua kitabu mara tu mtoto anapong'ata, na kumfokea: "Si nilikusomea hapa?" Fanya hivyo mara mbili tu, ataanza kukiogopa kama fimbo. Wakati wa ugomvi kitabu kibaki kwenye rafu. Yatoke maneno yake peke yake. Ukiona anakaza taya na kumsogelea mno mwenzake, weka mkono wako kati yao, mfungue kiganja, umwambie: "Sema, nipe." Asipoweza, lisemee wewe kwa niaba yake. Hapo ndipo ukurasa wa nne unapokuwa jambo la kweli.

Akishang'ata, mwendee kwanza aliyeumizwa. Kisha, kwa sauti ya chini na uso usiocheka: "Hatung'ati. Inauma." Basi. Usimpige, usimpake pilipili mdomoni, na nawaomba sana mabibi zetu, msicheke, hata akiwa na vijino vinne tu. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Ngozi ikiwa imechanika, mpeleke aliyeng'atwa kituo cha afya siku hiyohiyo pamoja na kadi yake ya kliniki, ili waangalie kama alimaliza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, ambazo ndani yake imo ya pepopunda.

Kwa walezi wa vituo vya mchana: mlezi mmoja mwenye watoto wengi hawezi kuona kila taya. Pokeeni kitabu cha nyumbani kwenye begi la mtoto, mtumie maneno yaleyale ambayo mama yake anatumia. Msimwite "mng'ataji" mbele ya wenzake. Jina hilo litabaki naye hata akishaacha.

Mlete kliniki ikiwa amevuka miaka mitatu na bado anang'ata mara kwa mara, au anajing'ata mwenyewe, au ana miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili, au ukimwita hageuki. Huenda tatizo likawa masikioni. Kabla ya kuja, kwa wiki moja andika kila anapong'ata: saa ngapi, nani alikuwa karibu, alikula lini, alilala lini. Yule mama wa Makorora aliandika nyuma ya daftari la duka. Kati ya mara saba, tano zilikuwa saa sita mchana, kabla ya chakula. Akasogeza uji mbele.