Bunduki ya marisau ya risasi moja: anayeanza kuwinda kanga na kwale achague ipi

Anayetaka bunduki yake ya kwanza ya ndege huku Tanga huuliza mambo mawili: inauzwaje, na inafika mbali kiasi gani. La kwanza ni haki yake. La pili ndilo linalomtia hasara. Kwale huruka karibu na miguu yako, kanga hupigwa kwenye mita 20 mpaka 30, na kwa umbali huo bunduki yoyote nzima ya marisau, yaani ya kurusha punje ndogo nyingi kwa pamoja, inatosha. Kinachomwangusha ndege ni bunduki iliyokukaa begani na ambayo huiogopi. Kwenye silaha ya risasi moja hili lina uzito zaidi, kwa sababu ukikosa hakuna ya pili, na kundi limeshahamia shamba la jirani.

Kabla ya dukani kuna makaratasi. Silaha inamilikiwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na leseni yake ni ya polisi. Leseni hiyo siyo kibali cha kuwinda. Uwindaji uko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na wanaohusika ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kibali ndicho kitakachokuambia ndege gani na wangapi. Saadani na Mkomazi ni hifadhi za taifa, kwa hiyo usiziweke kabisa kwenye hesabu.

Sasa bunduki yenyewe. Bunduki ya kukunja ya mtutu mmoja ina bawaba, kufuli, nyundo, springi na sindano inayogonga fataki, basi. Unafuu wake unatokana na uchache huo wa vipande. Zinazotajwa sana ni Baikal ya Urusi (IZh-18, baadaye MP-18), Boito na Rossi za Brazili, na H&R za Marekani pamoja na ndugu zake za chapa ya New England. H&R zilikoma kutengenezwa 2015, kwa hiyo ukipata iliyotumika, hakikisha sindano na springi ni nzima, kwani vipuri vyake vitakusumbua.

Baikal hujikoki yenyewe unapoifungua, na nyundo yake imefichwa ndani. H&R ina nyundo ya nje unayoivuta kwa kidole gumba. Kwa anayeanza napendelea nyundo ya nje: mwenzako anayetembea kando yako anaona kwa macho kama imekokiwa au la. Ubaya wake ni jasho. Kidole kikiteleza wakati wa kuishusha nyundo taratibu, risasi inaweza kutoka. Dawa yake ni kutoivuta mpaka ndege ameruka. Na kwa aina zote mbili, ukivuka mtaro au ukipita katikati ya mkonge, kunja bunduki na utoe risasi.

Uzito ndio unaopuuzwa kuliko kitu kingine chochote. W. W. Greener, mtengenezaji bunduki wa Uingereza, aliacha kanuni ambayo bado inafaa: bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau inayorusha. Piga hesabu. Risasi yenye marisau ya gramu 28 inataka bunduki ya kama kilo 2.7. Gramu 32 inataka kilo 3.1. Gramu 36 inataka karibu kilo 3.5, na bunduki ya bei nafuu ya mtutu mmoja haifiki huko. Anayeanza hununua bunduki nyepesi kwa sababu inabebeka, kisha anaitia risasi nzito kwa sababu "ina nguvu". Baada ya teke la tatu, mwili unajifunza kufumba macho na kusukuma bega kabla ya mlio, na marisau yanaishia chini ya ndege. Tabia hiyo ikishaingia, kuitoa kunachukua muda mrefu. Chukua bunduki ya kilo 2.7 au zaidi, na kwa msimu wa kwanza usizidishe gramu 28.

Kuhusu geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu: namba ikipanda, mtutu unapungua. Geji 12 ina tundu la milimita 18.5, geji 20 ina 15.6. Kijana au mtu mwenye mwili mdogo anaweza kuanza na 20 bila kupoteza chochote kwa mita 25. Mimi bado nasema 12, kwa sababu risasi zake ndizo rahisi kupatikana, na ndani yake unaweza kuchagua nyepesi. Hiyo ndogo ya .410 wengi humpa mtoto kwa huruma. Marisau yake ni machache, kwa hiyo inamfaa fundi, siyo mwanafunzi.

Ukiwa na bunduki ya 12, risasi ya geji 20 isiingie mfukoni mwako hata moja. Ukiitia kwenye chemba ya 12, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, inateleza mbele na kukwama pale mtutu unapoanza kubana. Ukichungulia haraka unaona chemba tupu. Unatia ya 12 nyuma yake, unafyatua, mtutu unapasuka penye mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana risasi za 20 kwa kawaida hutengenezwa za manjano.

Mtego wa pili ni urefu wa chemba, hasa kwenye bunduki kuukuu za Kiingereza. Nyingine zina chemba ya milimita 65, na risasi za leo mara nyingi ni 70. Risasi ya 70 itaingia vizuri tu na bunduki itafunga, kwa sababu kipimo hicho ni cha ganda lililokwisha kufunguka baada ya kupigwa. Likiwa bado limekunjwa mdomo ni fupi zaidi. Likifunguka halina nafasi, linabana njia ya marisau, na shinikizo linapanda. Soma namba iliyogongwa kwenye mtutu. Kama haisomeki, iache.

Choki, yaani kubana kwa mdomo wa mtutu, kwenye bunduki hizi mara nyingi ni kamili: inakusanya asilimia 70 ya punje ndani ya duara la sentimita 75 kwa mita 36 hivi. Kwa kwale wa mita 15 huko ni kumsaga. Tafuta nusu choki au robo. Marisau namba 6 yanamtosha kanga na kwale, lakini hapa tazama milimita kwenye boksi: namba 6 ya Kimarekani ni 2.79, ya Kiingereza ni 2.6. Kwa kanga aliyekomaa nachukua ile nene.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha ni tupu, kisha toa mbao ya mbele, shika mtutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, utikise. Ikicheza, bawaba imelika. Funga na karatasi nyembamba katikati ya mtutu na fremu. Ikichomoka kirahisi, rudisha kwa mwenyewe. Kisha chungulia ndani ukiuelekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha na kuuzungusha polepole. Mtutu mzima unaonyesha mistari ya mwanga iliyonyooka. Ukiona kivuli cha pete mahali pamoja, hapo umewahi kuvimba. Usiulize bei.

Kisha ijaribu kwenye karatasi kubwa kwa mita 25, mara tatu kwenye nukta ileile, mahali palipoidhinishwa. Mitutu ya bei nafuu mara nyingi hupiga kando kidogo. Marisau yakienda chini, gundisha ngozi juu ya kitako pale shavu linapokaa. Shavu likipanda, marisau nayo yanapanda. Yakienda pembeni kwa kiganja kizima mara zote tatu, mtutu umepinda.

Huku pwani adui mkubwa ni chumvi. Hewa ya Pangani au Tanga mjini itaianzisha kutu kwenye chemba kwa usiku mmoja wa uzembe, na chemba yenye kutu inang'ang'ania ganda. Pitisha brashi ya shaba, kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye mafuta kidogo. Mafuta yakizidi yanashuka kwenye mbao na kuilainisha. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi au turubai, maana hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma. Ifungie kabatini, risasi zikiwa mbali nayo.

Na kwenye mashamba ya mkonge, ukiwa na ruhusa ya mwenyewe, kanga atakimbia ukidhani anakukebehi, moja kwa moja kwenye mstari. Usimpige chini. Punje ya namba 6 hufika zaidi ya mita 200, na mwisho wa ule mstari huenda yuko mkata mkonge ameinama usiyemwona. Mharakishe mpaka aruke, mwache apande juu ya majani, uone anga nyuma yake, ndipo uvute triga.