Viumbe wa Vidimbwi vya Mwambani Hawajakwama

Wageni wengi wanaotembea juu ya mwamba wa Kanamai, kaskazini ya Mombasa, maji yakiwa yamekupwa, hudhani kwamba kaa, majongoo bahari na viti vya pwani waliomo vidimbwini wameachwa na bahari kwa bahati mbaya, na baadhi yao, kwa huruma isiyo na ujuzi, huwaokota na kuwatupa mbali majini. Dhana hiyo si sahihi.

Maji hujaa na kupwa takriban mara mbili kila siku, kwa hiyo vidimbwi vingi hufikiwa tena na bahari baada ya saa chache, ingawa vile vya juu kabisa huenda vikangoja bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa kupita kawaida. Wakati huo wote kidimbwi hubadilika: jua la mchana huyapasha maji joto na kuzidisha chumvi, mvua huipunguza, na usiku, mwani unapoacha kutoa oksijeni, hewa hiyo huadimika. Wakazi wake wanaistahimili hali hiyo. Kidimbwi ndicho makazi yao.

Kinachowadhuru hasa ni mikono yetu. Inua jiwe moja na utaona upande wake wa chini umefunikwa na sifongo laini, pengine na mayai, ambavyo hukauka jiwe likiachwa limepinduliwa juani; kwa hiyo lirudishwe lilivyokuwa. Na kombe zuri lenye umbo la pia lisiguswe kamwe, kwani konokono mwenyewe huenda yumo ndani, na mwiba wake una sumu inayoweza kuua mtu.