Mbona kuna giza humu, na kwa nini nisiguse?

Hayo ndiyo maswali mawili ninayoulizwa zaidi na wageni wanaoingia jumba la sanaa ya kisasa hapa Kampala kwa mara ya kwanza. Mimi ni mhifadhi wa kazi za sanaa, na kazi yangu yote ni kuchelewesha kuoza. Leo nitajibu kwa kutumia kitu kimoja tu: lubugo, kitambaa cha gome ambacho wasanii wetu wanakipenda kuliko turubai.

Lubugo hutoka kwenye mti wa mutuba. Msimu wa mvua fundi huchuna gome la ndani, kisha hulifunga shina kwa majani ya migomba lipone, maana mti uleule utachunwa tena. Gome hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kwanza mipana, mwisho ile myembamba kabisa, ndani ya kibanda kilicho wazi ili lisikauke upesi. Likianikwa juani ndipo linapopata ule wekundu wa udongo wa barabara zetu. UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005.

Sasa angalia: hapa hakuna mtande wala mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zinazofumana kama kwenye kitambaa cha kufuma. Ni nyuzi za mti zilizoshikana kwa kipigo, basi. Wanafunzi wa basi moja wakipitisha vidole, jasho na mafuta ya ngozi hubaki, vumbi hunata papo hapo, na nyuzi huanza kunyanyuka.

Mwanga ni mbaya zaidi, kwa kuwa madhara yake hujumlishana. Saa moja ya leo inawekwa juu ya ile ya jana, na kuzima taa usiku hakurudishi chochote. Ndiyo maana vitambaa na karatasi tunaviwekea luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, wakati mchoro wa rangi za mafuta huvumilia hadi 200. Jua la saa sita nje hapo hufika luksi 100,000. Wewe umeshuka kwenye boda boda sasa hivi, macho yamejaa jua, halafu unalalamika giza! Kaa kidogo kwenye benchi la mlangoni. Baada ya dakika chache chumba kitafunguka chenyewe.

Ukizoea, tafuta kazi za Sanaa Gateja, ambaye hushonea shanga za karatasi zilizokwisha tumika juu ya lubugo. Usizitazame kutoka mbele tu. Simama pembeni, karibu na ukuta, uone shanga zinavyovuta kitambaa kwa uzito wake. Saruji hainipi shida hiyo: sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba imesimama katikati ya mji tangu 1962, inanyeshewa, na wanaopita chini yake hudai hawajawahi kuona sanaa ya kisasa.

Kuna jambo moja ninalobishana na wenzangu. Mimi huweka kipande cha lubugo mfukoni ili wageni wakishike. Wao wanasema ninafundisha watu utovu wa adabu. Nilianza siku bibi mmoja wa Kiganda, aliyeletwa na wajukuu zake, aliposimama mlangoni akakataa kuingia. Waganda huzika wafu wao kwa lubugo, naye alikuwa ameona ukuta mzima umefunikwa nalo.

"Nani amekufa?" aliniuliza.

Nikamjibu kwa Luganda, maana kwa wazee wengi wa huku Kiswahili bado kinanuka kambi ya jeshi. "Hakuna msiba, jjajja. Ni kazi ya msanii."

Nilimpa kipande nilichokuwa nimebakiza baada ya ukarabati. Alikinusa, akakivuta pande mbili, akakiinua kuelekea dirishani, akapitisha kidole gumba juu ya mifuo.

"Mwanangu," akasema, "aliyepiga hili alikuwa na haraka. Nyundo ya mwisho hakuimaliza."

Kisha akaingia kukagua yale ya ukutani.