Bwawa la baridi ni nini, na kwa nini usipige hema bondeni jangwani

Watu wengi wakisikia jangwa wanawaza jua tu, alafu wanaenda kupiga kambi Arizona au New Mexico kule Marekani mwezi wa kwanza, saa kumi alfajiri meno yanagongana ndani ya hema. Wanalaumu begi la kulalia, kumbe shida ni pale walipolala.

Bwawa la baridi ni hewa ya baridi iliyotuama sehemu ya chini, kama maji ya mvua yanavyotuama shimoni. Inakuwaje? Hewa ya jangwani ni kavu, haina mvuke wa kutosha kuzuia joto, na mawingu hakuna, kwahiyo jua likizama tu ardhi inaachia joto lote linapaa angani. Ardhi ikipoa inapoza hewa inayoigusa, na hewa ikipoa inakua nzito, inaanza kuteremka taratibu kwenye miteremko na makorongo mpaka ikutane bondeni, na kama hakuna upepo wa kuivuruga inakaa hapo mpaka jua lipande.

Chukua bonde la Chaco Canyon, New Mexico, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua linapiga, ukitembea unavua jaketi, lakini usiku wa Januari kufika nyuzi 10 chini ya sifuri ni kawaida kabisa. Wakulima wa chai Kericho na Nandi wanalijua hili vizuri, jalidi ikija inaanza kuchoma chai ya bondeni, ya mlimani inapona.

Ila usichanganye na Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona. Kule Phantom Ranch, nyumba ya wageni iliyo chini karibu na mto, kuna joto kuliko ukingo wa kusini wenye theluji, kwasababu umeshuka zaidi ya mita 1,300 na tofauti kubwa hivyo ya kimo inashinda.

Kwahiyo panda kidogo ubavuni mwa kilima, hata mita 20 au 30 utaisikia tofauti mwilini, ila usifike kileleni kwenye upepo. Tafuta panapotazama mashariki upate jua mapema. Na korongo kavu liache kabisa, mvua ikinyesha mbali mafuriko yanakufuata ulipolala.

Chujio la maji lala nalo, likiganda linapasuka ndani na kwa macho huoni. Chupa igeuze kichwa chini, barafu inaanzia juu, asubuhi ukiisimamisha mdomo uko wazi unamimina maji ya chai.