Nani kafanya nini?

Juzi mwandishi wetu kijana aliniletea habari iliyoanza hivi: "Kufuatia changamoto zilizojitokeza katika zoezi zima la upatikanaji wa maji, mamlaka husika imeweza kuchukua hatua stahiki." Nikamwomba aisome kwa sauti, mara moja tu, kama atakavyoisikia mtu aliye ndani ya daladala. Kisha nikamuuliza: maji yapo au hayapo? Akanyamaza.

Nimehariri taarifa za habari za redio kwa miaka 19. Nilipoanza, msikilizaji alitusubiri saa mbili usiku. Sasa habari humfikia kwa WhatsApp kabla hatujaingia studio. Kuwahi si sifa yetu tena. Tulichobaki nacho ni kueleza jambo likaeleweka.

Na Kiswahili kimetupa chombo ambacho wengi wetu tunakiacha: kitenzi. Chukua neno moja tu, "hawajatulipa". Humo wamo waliopaswa kulipa, tumo sisi tunaodai, na umo ukweli kwamba deni bado liko pale pale. Silabi sita, kisa kimesimama. Ligeuze liwe "kutofanyika kwa malipo", na watu wote wametoweka. Hakuna mdai, hakuna mdaiwa. Ndiyo maana taarifa nyingi tunazoletewa na maofisa huandikwa hivyo, na mwandishi anayezinakili humficha mhusika bila hata kujua.

"Changamoto" nalo linaniumiza. Leo limemeza uhaba, deni, hitilafu, ugomvi, hata wizi. Nikilikuta huuliza ni lipi kati ya hayo. "Zoezi zima la" nalifuta bila hasara. "Ameweza kufika" huwa "amefika", isipokuwa kama kweli kulikuwa na kizuizi njiani, na hapo basi tukitaje.

Msimuliaji wa hadithi za jioni alikuwa na msaada ambao sisi hatuna. Akisema paukwa, aliitikiwa pakawa. Mwitikio ukififia alijua amewapoteza watu wake. Kipaza sauti hakiitikii. Inabidi mhariri ndiye aitikie, kwa kuuliza maswali ya msikilizaji kabla habari haijasomwa. Nalipenda sana jina la jarida moja la Kiswahili la zamani, lililotolewa Zanzibar na wamisionari wa UMCA, shirika la misheni la Kianglikana, mwaka 1888: Msimulizi. Tangu mapema hivyo, mleta habari na msimulizi waliitwa jina moja.

Kijana wangu alirudi na sentensi mpya: "Pampu ya maji ya mtaa iliungua Jumapili. Tangu siku hiyo wakazi wananunua maji kwa madumu." Tulipoisoma, sote wawili tukaona pengo: nani anaitengeneza, na maji yatarudi lini? Ile sentensi ya kwanza ilikuwa imelificha swali hilo hata kwetu. Akachukua simu na kupiga tena, zikiwa zimebaki dakika 20 taarifa isomwe.