Je, wajua neno 'timu' lilianzia kwenye kamba?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba team, neno la Kiingereza lililotuzalia timu, ni herufi za mwanzo za Together Everyone Achieves More, yaani tukiwa pamoja kila mmoja hufanikiwa zaidi. Nililipata hilo kwenye semina moja hapa Kisumu, baada tu ya chai ya saa nne. Nikaliandika daftarini, kisha nikaenda kuwafundisha wengine kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Si kweli. Maneno yaliyoundwa kwa herufi za mwanzo yapo: rada ni mojawapo, UKIMWI ni jingine. Lakini hayo yote ni ya karne ya 20, na kabla ya hapo mtindo huo ulikuwa nadra sana. Team lilikuwepo katika Kiingereza cha kale zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Achieve ndilo geni: lilitoka Kifaransa, likaingia Uingereza baada ya Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa kuiteka mwaka 1066. Mjukuu hawezi kumzaa babu.

Hapo zamani team lilimaanisha uzao au ukoo, na pia wanyama waliofungwa pamoja wavute mzigo. Mzizi wake ni kuvuta. Ndugu yake wa Kijerumani, Zaum, hadi leo ni hatamu ya farasi.

Ukitaka kuona jina linavyohama, simama kando ya shamba Bungoma msimu wa kulima. Maksai wanne, wawili wawili, nira shingoni, mnyororo ukipita katikati hadi kwenye plau. Mvulana mbele anaongoza, mzee nyuma ameshika mikono ya plau. Fungua mnyororo: una ng'ombe wanne, kila mmoja na nyasi zake, na yule mvivu keshalala. Ufunge tena, wanakuwa kitu kimoja. Basi jina la kamba likawahamia waliofungwa kwa kamba. Kiswahili nacho hufanya hivyo: jiko ni la makaa, kisha chumba chenyewe, na kijana akioa tunasema amepata jiko.

Maana ya ukoo ni telezi zaidi. Maelezo ya kawaida ni kwamba kizazi huvutwa na kizazi, kama mstari. Ushahidi wake ni mwembamba, ila hainishangazi: Wajaluo huuita ukoo dhoot, yaani mlango wa nyumba.

Watu wanaofanya kazi pamoja walianza kuitwa team katika karne ya 16. Wachezaji walisubiri hadi ya 19. Marekani, teamster alikuwa mwendesha mkokoteni wa farasi. Chama chao cha wafanyakazi, kilichoundwa 1903, sasa kina madereva wa malori, lakini nembo yake bado ina vichwa viwili vya farasi.

Semina ile, kwa njia, ilifungwa kwa mchezo wa kuvuta kamba. Timu yetu ilishindwa.