Leso, uji na shira: sukari inavyoishi na maji

Kila Ramadhani, kufikia siku ya nne au ya tano, huletewa swali lile lile: mtu amepanda mizani alasiri, amekuta amepungua kilo nzima, naye anataka kujua kama mafuta ya tumbo yameanza kuyeyuka. Kama mwalimu wa baiokemia ninayeishi Mombasa, jibu langu huwa haliwafurahishi wengi. Sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Mengine ni yale ambayo hakuyanywa tangu daku, na mengine yalikuwa yameshikwa na sukari iliyohifadhiwa mwilini, ambayo sasa imetumika.

Jina lenyewe kabohaidreti lilitokana na dhana ya wanakemia wa karne ya 19, walioona kwamba katika sukari nyingi haidrojeni na oksijeni zimo kwa uwiano ule ule wa maji, wakadhani ni kaboni iliyotiwa maji. Hawakuwa sahihi, kwa maana molekuli ya glukosi, sukari inayozunguka katika damu, haina tone la maji ndani yake, lakini hawakuwa mbali sana: ukiisahau sukari motoni, kinachopanda ni mvuke wa maji yaliyoundwa na atomu zake zenyewe, na kinachobaki sufuriani ni kaboni nyeusi ambayo mwenye sufuria ataisugua hadi jioni.

Mahali pazuri pa kuanzia ni shira ya kaimati. Sukari ya mezani ni sukrosi, yaani glukosi moja na fruktosi moja zilizounganishwa, na katika kuungana kwao molekuli moja ya maji hutoka. Hesabu yake ni nyepesi: uzito wa kimolekuli wa kila moja ni 180, lakini sukrosi ni 342 wala si 360, kwa sababu maji yaliyotoka ni 18. Mpishi anayekamulia ndimu katika shira inayochemka anaifanya kazi hiyo kinyumenyume, kwani asidi ya ndimu huwezesha maji kuingia tena kwenye kiungo na kukikata. Sehemu ya sukrosi hugawanyika, na mchanganyiko wa sukari tatu zenye maumbo tofauti hushindwa kujipanga kuwa chembe ngumu, ndiyo maana shira yenye ndimu haigandi upesi. Mwili hautumii moto wala ndimu. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kinachokata kiungo hicho hicho kwa nyuzi 37 tu.

Kuunganisha ni kutoa maji, kukata ni kuyaingiza: kanuni hiyo haibadiliki hata minyororo inapokuwa na maelfu ya glukosi. Kinachobadilika ni namna kiungo kilivyoelekea, na hapa ndipo ninapopenda kuwaonyesha wanafunzi leso ya pamba na bakuli la uji. Vyote viwili ni minyororo ya glukosi. Katika wanga wa uji, viungo vimeelekea upande unaoufanya mnyororo ujipinde kama parafujo, hivyo maji moto hupenya, chembe za wanga huvimba na uji ukawa mzito. Katika selulosi ya pamba, kila glukosi imegeuzwa kinyume cha jirani yake, mnyororo ukanyooka, na minyororo mingi ikalala bega kwa bega, imeshikana kwa nguvu kiasi kwamba maji huishia pembeni. Ndiyo maana leso hunyeshewa masika yote ikalowa bila kuyeyuka, na ndiyo maana vimeng'enya vyetu, vinavyomaliza bakuli la uji kwa muda mfupi, haviwezi kuigusa pamba. Mbuzi wa mitaani anayetafuna maboksi ana vijidudu tumboni vinavyomfanyia kazi hiyo.

Narudi kwa mfungaji wetu. Ini huhifadhi kiasi cha gramu 100 za glukosi, nayo misuli yote gramu 400 hivi, katika mnyororo wenye matawi mengi uitwao glaikojeni. Mtu anaweza kuuliza kwa nini ini lisiiache glukosi ikielea yenyewe, iwe tayari. Sababu ni kwamba osmosisi, yaani maji kuvuka utando wa seli kuelekea kwenye vitu vingi vilivyoyeyuka, huhesabu idadi ya chembe, haijali uzito wake. Glukosi hiyo ingekuwa huru, ukolezi wake ndani ya seli ya ini ungefikia takriban moli 0.4 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), ilhali jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka katika damu haifiki hata moli 0.3, maji yangeingia kwa kishindo hadi seli ipasuke. Zikiunganishwa makumi ya maelfu kuwa chembe moja, osmosisi huiona moja tu.

Hata hivyo glaikojeni si kavu. Kila gramu yake hukaa na gramu 3 hivi za maji, kwa hiyo ini linapotoa akiba yake mchana kutwa, maji nayo huachiliwa. Akiba ya misuli haitoki kirahisi, kwani misuli ni michoyo: haina kimeng'enya cha kuirudisha glukosi kwenye damu, hutumia yenyewe. Futari na daku vikishaliwa, glaikojeni hurudi na maji yake, na mizani ikapanda tena.

Utumboni uhusiano huu wa sukari na maji umeokoa maisha ya watu wengi. Mwaka 1960, huko Prague, mwanabaiokemia Robert Crane alieleza kwamba glukosi huingia katika seli za utumbo ikiandamana na sodiamu, ile iliyomo katika chumvi. Leo tunajua kwamba sodiamu mbili huvuka na glukosi moja, na maji huzifuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata wakati wa kipindupindu, na ndio msingi wa ORS, yaani maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa anayeharisha, ambayo fomula yake ya mwaka 2002 ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi kwa lita. Ya nyumbani ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kurundika. Anayeongeza sukari kwa huruma anaharibu, kwa sababu sukari ikizidi utumboni huyavuta maji kutoka mwilini na kuhara kukazidi. Soda ina kasoro hiyo hiyo, tena sodiamu yake ni haba mno. Dafu, ambalo kwetu huaminiwa kuliko dawa, lina sukari ya kiasi na potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo. Kwa mgonjwa anayeharisha sana, ni la kunywa pamoja na ORS, si badala yake.